RIMU NYEUSI HAZIDANGANYI: Mastaa, Breki na Dogo Mmoja wa Katesh

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina umbea wa rimu.

Usicheke kwanza. Ingia Instagram sasa hivi, tafuta staa yeyote aliyepiga picha na mkoko wake. Angalia kamera imesimama wapi. Mara nyingi imechuchumaa pembeni ya tairi la mbele, rimu imejaa kwenye picha, na staa ameegemea bodi kama hajui anapigwa. Rimu ndo kiatu cha gari. Mtu anaweza kuvaa suti ya milioni, ila kiatu kikiwa na tope unamjua tu.

Sasa mimi nimekaa karibu na rimu kuliko ninavyokaa karibu na mastaa. Nimemaliza kidato cha nne, nikarudi Katesh, nikapata kazi ya kushika daftari la mahesabu kwenye kijiwe cha kuosha magari pembeni ya barabara kuu ya Singida kwenda Babati. Mwaka wa tatu huu. Wenzangu wanaosha, mimi naandika namba ya gari, napokea hela, na katikati ya gari na gari naandika hizi posti mnazosoma. Umbea wangu mwingi naupata hapo hapo, maana mtu akisubiri gari lake likaushwe anaongea mpaka siri za ukoo.

Na nimegundua kitu. Mtu anaweza kudanganya kwenye simu, anaweza kudanganya kwa nguo. Rimu za gari lake hazidanganyi.

Ule weusi sio vumbi la njiani

Wateja wengi wakifika wanasema, "Dada, waambie wanitolee hilo vumbi kwenye rimu, barabara zenu mbaya." Jamani, msituonee. Lile vumbi letu mnalijua: jekundu, ukipitisha maji linaondoka. Ule weusi uliong'ang'ania kwenye rimu, unaobaki kidoleni kama masizi ya sufuria, haukutoka barabarani. Umetoka ndani ya gari lako mwenyewe. Ni vumbi la breki.

Ngoja nikueleze kama nilivyoelezwa na fundi. Magari mengi ya sasa yana breki za disiki kwenye magurudumu ya mbele. Disiki ni lile sahani la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga breki, kuna kitu kinaitwa kalipa kinabana pedi mbili, moja huku moja kule, zinaikamata ile disiki kama vidole viwili vinavyoshika sarafu. Ule msuguano ndo unapunguza mwendo. Mwendo wote uliokuwa nao unageuka joto. Na kila ukikanyaga, pedi inasagika kidogo, disiki nayo inasagika kidogo. Huo unga ndo unarukia kwenye rimu.

Ndani ya huo unga kuna chembe za chuma, kaboni, gundi zilizoshikilia pedi, na mara nyingine shaba. Zinatoka zikiwa za moto, kwa hiyo zikigusa rangi ya rimu zinang'ang'ania. Alafu zikipata maji au umande, ule upande wa chuma unaota kutu. Kutu inaanza kula ile rangi ya juu inayong'aa. Ukikaa miezi bila kuosha, unakuta vidoa vya kahawia ambavyo hata usugue mpaka jua lizame havitoki. Hapo sio uchafu tena. Rimu imeliwa.

Kwa nini za mbele zinakuwa nyeusi kuliko za nyuma? Kwa sababu ukifunga breki, uzito wa gari unakimbilia mbele. Si umeshaona pua ya gari inavyoinama? Breki za mbele zinafanya kati ya asilimia 60 na 80 ya kazi yote. Alafu magari mengi madogo yana breki za dramu nyuma, na dramu inajifungia unga wake humo humo ndani. Kwa hiyo ukiona rimu za mbele ni nyeusi na za nyuma ni safi, usiogope, hiyo ni kawaida. Shika hilo, nitalirudia, maana ndo lililobeba stori yangu ya leo.

Sisi wa huku milima inatuhusu

Kuna watu wa Dar wanaweza kumaliza mwezi wanafunga breki za foleni tu. Sisi huku tuna mambo mengine. Hapa Katesh tuko chini ya Mlima Hanang, mita zaidi ya 3,400 kwenda juu. Ukitaka kwenda Mbulu kwa njia ya Dareda, unapita Endasak, unafika Dareda, alafu unaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Bashnet, unakuja Dongobesh, ndo unaingia Mbulu. Kupanda sio tatizo. Kushuka ndo kuna kazi. Na ukiwa Mbulu ukitaka kutokea barabara ya Arusha kwa Mbuyu wa Mjerumani, unashuka mlima Magara. Waliopita wanajua. Kona moja haijaisha nyingine imefika, na chini unaliona bonde lote limelala kama mkeka.

Dereva mgeni akishuka pale mguu umeganda kwenye breki mwanzo mwisho, disiki inaweza kufika nyuzi joto 300 na zaidi. Ndo ile harufu unasikia kama kuna mtu anaunguza mpira. Akifika chini, rimu nyeusi tii! Anatuletea sisi tumsuguie, na sisi tunasugua, hela ni hela. Ila dawa yake haiko kwenye ndoo yetu. Dawa yake iko kwenye gia. Shusha gia, acha injini ibebe gari, breki ukanyage kwa vipindi. Gari la otomatiki nalo lina namba 2 au herufi L pale kwenye gia, na magari ya haibridi mengi yana herufi B. Watu wanaendesha miaka mitano hawajui hiyo B ni ya nini. Ni ya Magara!

Alafu huku tuna uchafu wa aina zetu. Ukitoka upande wa Ziwa Balangida unakuja na vumbi lenye chumvi, na chumvi na chuma hawajawahi kupatana. Masika unakuja na tope, linajaa ndani ya rimu, upande ule usiouona, linakauka. Ukifika lami ukaenda kasi 80 au 100 usukani unaanza kutetemeka. Unadhani gari limeharibika, unakimbilia gereji, kumbe umebeba tope upande mmoja wa gurudumu na gurudumu limepoteza mizani. Na sisi wa Katesh tope hatulifanyii mzaha. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima ulitushushia tope, mawe na magogo, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mungu awapumzishe. Tangu siku hiyo hata dogo anayeosha gari akiona tope zito kwenye rimu anauliza kwanza, "Umetokea wapi, huko kukoje?"

Staa wa kwanza, jina kapuni

Haya, najua mmeshaanza kuuliza mastaa wako wapi. Wapo.

Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, alikuja upande wetu kwa shoo. Alikuja na ndinga ya maana, nyeusi, vioo giza. Watu wakajaa, simu juu. Akashuka meneja wake, akasema gari lioshwe fasta maana bosi anataka kupiga picha na mlima kwa nyuma.

Vijana wakaanza kazi. Bodi safi, ndani safi. Kufika kwenye rimu, kimya. Rimu zilikuwa na weusi wa miezi, umeshageuka kahawia, umekula rangi mpaka zimekuwa kama ngozi yenye utangotango. Kijana mmoja akanisogelea akaninong'oneza, "Dada, hili gari halina mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mtu mwenye gari lake hawezi kuacha rimu zifike hapa. Hili linazunguka mikononi. Kila mtu analioshea juu tu alirudishe."

Wadau, sikusema mimi. Rimu ndo zilisema. Picha ilipigwa, na nyie mliigonga mioyo kwa maelfu, ila ukiiangalia vizuri tairi hazimo. Wamekata picha usawa wa milango. Sasa mnajua kwa nini.

Simcheki. Kuazima gari sio dhambi, hata bibi harusi anaazima. Nilichotaka mjue ni kwamba mwoshaji gari anajua mambo mengi kuliko msemaji wa staa.

Staa wa pili, na dogo

Huyu wa pili ndo aliyefanya niandike.

Ni mama mmoja maarufu sana mitandaoni, jina kapuni pia, na msianze kubahatisha maana hamtapata. Alikuwa ametokea Singida na dereva wake, anaelekea Mbulu kwenye sherehe ya familia. Kesho yake alikuwa amepanga kushuka Magara atokee Arusha. Aliyasema hayo mwenyewe akiwa anakunywa chai pale kwenye benchi letu, kwa upole tu, kanga mabegani, hakuna cha walinzi wala nini.

Kuna dogo anaosha pale kwetu. Kaishia darasa la saba. Haongei sana. Yeye ndo mtu wa rimu. Wengine hawazipendi kwa sababu ni kazi ya kuinama na mikono inabaki myeusi siku tatu. Dogo akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele kushoto. Akaangalia. Akaenda la mbele kulia. Akarudi kushoto. Akasogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa, kama mtu anayepima chuma cha pasi. Akasimama, akamfuata dereva.

"Kaka shikamoo. Hii ya kushoto nyeusi sana, na ina joto. Ya kulia iko sawa. Breki ya huku inaweza kuwa imeshika."

Dereva alikuwa kwenye simu. Hakugeuka. "Osha gari dogo, usinifundishe kazi."

Dogo akarudi kwenye ndoo. Nikadhani yameisha. Nikamwona amesimama tu, brashi mkononi, hasugui. Alafu akaiweka brashi chini, akajifuta mikono kwenye kaptula, akaenda mpaka kwenye benchi.

"Mama shikamoo. Samahani. Mnashuka mlima?"

"Marahaba baba. Ndiyo, kesho tunashuka Magara."

"Basi naomba lile gurudumu lifunguliwe kabla hamjaondoka. Mimi sio fundi. Ila barabara ya kutoka Singida sehemu kubwa ni tambarare. Hakuna sababu gurudumu moja liwe jeusi na la moto hivi na mwenzake awe wa kawaida."

Wadau, naomba muelewe hapo kuna nini. Dogo mwenye kaptula iliyolowa anamwambia mama anayefuatwa na watu wengi kuliko wakazi wa mji wetu kwamba dereva wake amekataa kusikia. Mbele ya dereva huyo huyo. Kama akikuta hakuna kitu, kazi hana. Bosi wetu hapendi wateja kusumbuliwa, na dogo analipwa kwa gari.

Mama akamwangalia. Akaweka kikombe chini. Akamwambia dereva, "Fungua."

Fundi akaitwa kutoka gereji ya jirani. Akaweka jeki, akatoa gurudumu, akachungulia, akaita watu waje waone. Ile kalipa ilikuwa imekwama, zile pini inazotelezea zimeota kutu, kwa hiyo pedi haikuwa inaachia disiki hata mguu ukitoka kwenye breki. Njia nzima ilikuwa inasaga. Pedi ya ndani ilikuwa imeisha, chuma kimeanza kugusa chuma, na disiki ina mikwaruzo unaweza kuweka ukucha. Fundi hakutoa hotuba. Alimwambia mama kitu kimoja, "Dareda ungepanda. Magara sijui."

Ilichukua zaidi ya masaa matatu, maana pedi zilifuatwa Babati na bodaboda. Pini zikasafishwa zikapakwa grisi yake maalumu, pedi zikabadilishwa pande zote mbili, kushoto na kulia, kwa sababu breki zinabadilishwa kwa jozi. Ukibadili upande mmoja gari linaweza kuvuta upande ukifunga breki. Disiki ikasafishwa. Dereva alikaa ndani ya gari muda wote. Mama alikula mishkaki na sisi.

Wakati wa kuondoka alimpa dogo hela, sitaji kiasi, ni ya dogo. Akamuuliza jina lake, akamshika mkono ule ule mweusi. Jioni nikakimbilia kwenye ukurasa wake, nikijua leo Katesh tumetoka. Nikakuta picha ya gari likiwaka, rimu zinang'aa kama sinia la harusi, na maneno mawili ya kumshukuru Mungu. Dogo hayupo. Kijiwe hakipo.

Mimi nilikasirika kwa niaba ya kijiwe kizima. Nikamwonyesha dogo ile picha. Akaivuta, akaikuza, akaangalia gurudumu la kushoto kwa muda. Akasema, "Zimetoka vizuri." Akanirudishia simu akaenda kuosha Noah.

Basi tuoshe rimu kama watu

Baada ya siku ile nilimwomba dogo anielekeze kazi yake mwanzo mpaka mwisho, alafu nikamuuliza fundi kila hatua kwa nini. Nawapa bure.

Kwanza, acha zipoe. Gari likifika limoto usilimwagie maji ya baridi kwenye magurudumu. Disiki ya moto ikikutana na maji ya baridi inaweza kupinda, na sabuni inakaukia kwenye rimu inaacha mabaka. Nusu saa kivulini inatosha. Osha ndani ya gari kwanza.

Pili, rimu zinaanza kabla ya bodi, na zina ndoo yake. Usichovye kitambaa cha rimu kwenye ndoo ya bodi. Zile chembe za chuma zikihamia kwenye bodi, unaichora gari yako mwenyewe mistari kama ya paka.

Tatu, maji mengi kwanza, alafu shampuu ya magari au sabuni laini ya maji. Tumia brashi laini. Kwenye nati na kona ndogo chukua mswaki uliostaafu. Ingiza mkono mpaka nyuma ya rimu, huko ndo tope linajificha. Fanya gurudumu moja, suuza, nenda lingine. Usipake yote manne alafu uanze kusugua, la kwanza litakuwa limeshakauka.

Nne, kausha. Fulana kuukuu ya pamba inafanya kazi. Ukiacha maji yajikaushie, yanaacha alama na kutu inapata sherehe.

Tano, hii wengi hawaijui: rimu ikiwa safi na kavu, ipake nta ya magari. Nta inaweka utelezi, unga wa breki unakosa pa kushika. Wiki inayofuata maji na shampuu tu yanatosha. Rimu ya kila wiki ni dakika tano kwa gurudumu. Rimu ya miezi sita ni kilio.

Kama weusi umeshakaa sana, kuna dawa za kuyeyusha chembe za chuma. Ukipulizia inageuka rangi ya zambarau na inanuka kama yai viza. Usishtuke, ndo inafanya kazi. Fuata maelekezo ya kopo, isikaukie, vaa glovu.

Na ukichoka kabisa na weusi, muulize fundi kuhusu pedi za seramiki. Zinatoa unga mchache na wa rangi nyepesi kuliko pedi zenye chuma kingi. Bei iko juu kidogo. Magari mengi ya Kijerumani yanakuja na pedi zinazobana vizuri sana ila zinachafua vizuri sana pia, kwa hiyo wenye nazo msijisikie vibaya.

Na haya msifanye, nawaomba

Msisugue rimu kwa stili waya ya sufuria. Msitumie maji ya betri. Kuna vijiwe wanatumia, rimu inang'aa siku hiyo, mwezi ujao imebabuka. Ile ni asidi, inakula rangi, inakula aluminiamu, na inakula mkono wa kijana anayekuoshea.

Msipulizie dawa ya kung'arisha tairi hovyo hovyo. Ile ni mafuta. Paka kwa sponji kwenye mpira wa tairi tu. Ikirukia disiki, breki inateleza, na wewe utaijua habari hiyo kwenye mteremko. Dizeli kwenye matairi, hapana. Na usiache gari liondoke kijiweni bila kukanyaga breki mara mbili tatu taratibu, maji yakauke kwenye disiki.

Msipulize vumbi la breki kwa upepo wa kompresa, wala kulipangusa likiwa kavu. Hapa naongea na vijana wenzangu wa vijiweni. Zamani pedi nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani. Pedi ya bei chee isiyo na maelezo huwezi kujua ina nini. Lowesha kwanza. Funga pua na mdomo. Wenzetu Ulaya wamelichukulia serious mpaka wameliwekea sheria: kanuni zao mpya za Euro 7, zilizopitishwa 2024, ndo za kwanza kuweka kikomo kwa vumbi la breki lenyewe, miligramu 7 kwa kilomita kwa magari mengi madogo na 3 kwa yale ya umeme, kuanzia mwishoni mwa 2026. Moshi peke yake hauwatishi tena.

Na msioshee magari mtoni. California walipitisha sheria mwaka 2010 ya kupunguza shaba kwenye pedi za breki kwa sababu mvua ilikuwa inaisombea mitoni na kudhuru samaki. Sisi tuna sheria yetu ya mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa. Mkondo unaoingizia gari lako ndo huo huo mama mwingine anachota maji ya uji kule chini.

Nimalizie

Unapokuja kuosha gari, sio lazima umpe kijana selfi. Ila akikwambia kitu kuhusu gari lako, toa simu sikioni dakika moja. Yeye ndo mtu pekee anayelizungukia gari lako lote akiwa amechuchumaa. Wewe mwenyewe mara ya mwisho kuchungulia rimu zako zote nne ilikuwa lini?

Fanya leo hii. Usiangalie kama ni safi au chafu. Linganisha kushoto na kulia. Za mbele zifanane, za nyuma zifanane. Moja ikiwa nyeusi kuliko mwenzake, au ina joto kuliko mwenzake, usiipeleke kuoshwa, ipeleke kwa fundi. Na kama kuna moja ya mbele inabaki safi kabisa wakati mwenzake anachafuka, hapo pia usifurahi. Inawezekana hiyo safi ndo haifungi.

Dogo bado yupo, bado anaosha rimu. Fundi wa jirani ameshamwita mara mbili akamsaidie Jumapili, anamfundisha kufungua kalipa. Hajaniambia kama atahama, ila juzi nimemwona kanunua ovaroli.

Haya wadau, tiririka hapo chini. Kijiwe unachooshea kinatumia nini kwenye rimu? Na nani ameshawahi kushuka Magara na breki zinanuka? Majina ya mastaa msiniulize, sitaji.